Vijiti Vilivyotembea: Kisa cha Nondo Mpimaji katika Kitalu cha Miche, Dar es Salaam

Jina la mwenye kitalu, mtaa wake na wateja wake nimeyaacha nje, na idadi nyingine nimezikadiria ili asitambulike kwa hesabu. Yaliyobaki nimeyaandika kama yalivyokuwa, pamoja na makosa mawili niliyoyafanya mimi, mtaalamu niliyeitwa kusaidia.

Kitalu na watu wake

Kitalu kiko kando ya barabara kuu upande wa kaskazini wa jiji, kwenye kipande cha ardhi kilichobanwa kati ya lami na ukuta mweupe wa jirani. Juu kuna mwembe mkubwa wa kienyeji na neti nyeusi ya kivuli, chini viriba vimepangwa mistari, na katikati kuna njia ya mtu mmoja kupita na ndoo. Mwenyewe ni mama wa makamo. Vijana wake wawili na wateja karibu wote humwita Mama tu, nami nitamwita hivyo. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha mafuta chenye taa nyeupe zinazowaka usiku kucha. Taa hizo tutazirudia.

Mtaji mkubwa msimu ule ulikuwa miche ya parachichi ya kubebesha, kama 900. Nusu aliibebesha mwenyewe, nusu ilishushwa na lori mwezi Agosti kutoka nyanda za juu, ikiwa na udongo wake ndani ya viriba. (Kwa maoni yangu parachichi la Hass Dar es Salaam ni mapenzi kuliko kilimo, joto la huku halilifai. Lakini mteja akililia, muuzaji afanyeje?) Pembeni kulikuwa na ndimu, machungwa, miembe na maua ya kupamba nyumba.

Mwezi Oktoba lilifanyika jambo ambalo hakuna aliyelihesabu kuwa jambo. Wateja walilalamika kwamba maji moto, wale sisimizi wakali wanaoshona viota vya majani mitini, wanawadondokea shingoni wakichagua miche. Kijana mmoja akapanda mwembe na panga, akakata viota vyote vya majani na kuvichoma moto. Aliyefanya kazi chini ya mwembe wenye maji moto hawezi kumlaumu.

Majani yanaliwa, mlaji haonekani

Vuli ilipokolea, katikati ya Novemba, majani machanga ya parachichi yalianza kuonekana kama yamekwanguliwa. Upande mmoja wa jani umeondolewa, umebaki utando mwembamba unaopitisha mwanga. Wiki iliyofuata hakukuwa na kukwangua tena, majani yaliliwa kuanzia ukingoni hadi mshipa wa kati. Kila asubuhi kulikuwa na mche mwingine uliobaki fito.

Washukiwa walikuwa wengi: panzi, konokono, mende wa usiku. Kijana mkubwa alikuwa na nadharia kuhusu kijicho cha jirani, ambayo Mama hakuikataa moja kwa moja. Akaenda duka la pembejeo, akauziwa dawa yenye profenofos na saipermethrini, na kila Jumamosi asubuhi kijana akavaa bomba mgongoni. Walipiga wiki nne mfululizo.

Jumamosi ya kwanza ilionekana ya ushindi. Chini ya mistari walilala nyigu wadogo, sisimizi, buibui na viwavi wachache wa kijani wembamba kama uzi. Majani yakatulia kwa siku tano, kisha yakaliwa tena, safari hii na ndimu zikiwamo. Nilipopigiwa simu katikati ya Desemba, Mama alinieleza kwa sentensi moja ambayo, nikiitazama leo, ilikuwa na uchunguzi wote ndani yake: "Mwanangu, nikipiga dawa wanapungua siku tano, halafu wanarudi na ndugu zao."

Nilivyotoka mikono mitupu

Nilifika saa nne asubuhi. Nikageuza majani ya mistari miwili mizima na sikuona kiwavi hata mmoja. Nilichokiona ni chembe nyeusi kavu juu ya udongo wa viriba, kama majani ya chai yaliyomwagika. Hicho ni kinyesi cha kiwavi. Konokono angeacha ute, na choo cha panzi ni kirefu. Ukubwa wa chembe ulinionyesha kwamba mlaji si mdogo. Kiwavi mwenye chembe za namna ile angekuwa na urefu wa kidole cha mwisho, na bado sikumwona.

Niliamua kutotoa ushauri wowote siku ile. Lilikuwa jambo gumu, maana mtu anayelipa nauli ya mtaalamu anataka jina la dawa. Nilisema nitarudi usiku. Mama akanisindikiza hadi barabarani. "Umekuja na kalamu, umeondoka na kalamu," akasema, kisha akacheka kidogo ili isiwe ugomvi.

Saa tatu usiku tulikuwa watatu na tochi za simu. Kijana mdogo ndiye aliyegundua, na alifanya hivyo kwa bahati. Aliona kijiti kikavu kimechomoza kwenye shina la mparachichi, akashika akivunje, na kijiti kikapinda.

"Kaka, hiki kina miguu!"

Baada ya hapo macho yalizoea. Miche ya mstari uleule niliougeuza jani kwa jani asubuhi ilikuwa na vijiti vya namna hiyo viwili, vitatu kila mmoja. Asubuhi mkono wangu ulikuwa umepita juu yao.

Mdudu mwenyewe

Viwavi wengi tunaowajua, kama yule wa mahindi, wana jozi tatu za miguu ya kweli mbele na jozi tano za miguu laini nyuma, nne chini ya tumbo na moja mkiani. Huyu amekosa ile ya katikati. Nyuma ana jozi mbili tu, karibu na mkia. Hawezi kutambaa kwa mawimbi. Hushika kwa miguu ya mbele, akavuta mkia hadi ukaribie kichwa, mwili ukawa upinde, kisha akajinyoosha mbele tena. Ni kama anapima shina kwa shubiri. Vijana walimpa jina usiku uleule: fundi mita. Hawakujua kwamba wanasayansi waliwaza hivyohivyo. Familia yake inaitwa Geometridae, kutokana na neno la Kigiriki la mpima ardhi, na ina spishi zaidi ya 20,000 duniani.

Akitulia, kiwavi hushika shina kwa ile miguu ya nyuma peke yake na kuunyoosha mwili kwa mshazari, mkakamavu, bila kutikisika. Wetu walikuwa wa rangi ya udongo, wengine kijivu, wachache kijani iliyofifia. Mgongoni, karibu na mbele, walikuwa na vinundu viwili vinavyofanana kabisa na alama za jani lililodondoka. Wakubwa walifika sentimita 5. Ukiwashtua wadogo, hujiangusha kwa uzi wa hariri na kuning'inia hewani, na upepo huwasogeza hadi mche wa pili. Ndiyo maana uharibifu ulikwenda kwa mistari kufuata upepo wa baharini badala ya kusambaa kila upande.

Nilichukua viwavi kumi na wawili nikawaweka kwenye ndoo mbili za plastiki zenye udongo chini, matawi ya mparachichi kwenye chupa ya maji, na kipande cha chandarua juu badala ya kifuniko. Nilitaka mambo mawili: kumjua kwa jina, na kujua ratiba yake. Ndani ya siku chache wakubwa waliacha kula, wakateremka, wakazama sentimita chache udongoni na kugeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, kahawia, wanaong'aa kama mbegu ya ukwaju. Hapo ikaeleweka kwa nini dawa ya Jumamosi haikuwamaliza. Wakati wowote ule sehemu ya kizazi ilikuwa chini ya ardhi, mahali bomba halifiki.

Nondo anapotoka ana upana wa bawa hadi bawa wa sentimita 4 hadi 5. Ni kijivu cha majivu, amenyunyiziwa vidoa vyeusi na vyeupe, ana mistari ya mawimbi, na kila bawa lina kialama kidogo chenye umbo la mwezi. Hicho kialama ndicho kilichompa jina ndugu yake wa Ulaya na Asia, Ascotis selenaria, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1775 huko Vienna. Selene ni mwezi kwa Kigiriki. Wa kwetu Afrika kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi la huyo, na siku hizi wengi humweka peke yake kama Ascotis reciprocaria. Wakulima wa kahawa wa Kenya na wa kaskazini mwa Tanzania wanamfahamu, lakini haishii kwenye kahawa. Parachichi, jamii ya michungwa na mimea mingine mingi ni chakula chake. Mwalimu mmoja wa wadudu alinilinganishia vielelezo vyangu na vya kwake, akaridhika na jina, huku akinionya kwamba kwa mabawa peke yake mtu asiape. Nondo wapimaji wanafanana kama sare za shule.

Nilimpelekea Mama nondo mmoja ndani ya kikombe. Akamtazama kwa sekunde mbili.

"Hawa? Hawa wamejaa ukutani kila asubuhi. Mimi huwafagia tu."

Taa za kituo cha mafuta huwavuta usiku, na asubuhi huwakuta wametulia ukutani. Nondo huyu haketi kama kipepeo aliyefunga mabawa. Huyatandaza yakabana ukutani, na kwenye ukuta mchafu utadhani ni doa la ukungu. Mabawa hayali jani. Kwa hiyo hakuna aliyemhusisha na viwavi, ingawa alikuwa anaonekana kila siku tangu Oktoba. Kwa kweli ndugu yake maarufu kuliko wote, Biston betularia wa Uingereza, amepata umaarufu kwa kukaa namna hiyohiyo juu ya magome ya miti yaliyochafuliwa na moshi wa viwanda.

Kuacha dawa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha bomba, na ndio uliopingwa zaidi. Sababu zangu zilikuwa mbili. Moja nimeitaja: dawa ilipigwa asubuhi juu ya majani, wakati wakubwa wamejifanya vijiti kwenye mashina na wenzao wako udongoni. Ya pili ni historia ya mdudu huyu. Katika mashamba ya kahawa ya Kenya, alilipuka mwanzoni mwa miaka ya 1960 mahali ambapo parathioni ilikuwa imepigwa sana dhidi ya wadudu wengine. Sumu ilimaliza nyigu wadogo ambao watoto wao hukulia ndani ya kiwavi na kumwua, pamoja na maadui wake wengine, yeye akabaki na uwanja. Huko Israeli, ndugu yake selenaria alipata nguvu kwenye maparachichi yaliyo jirani na mashamba ya pamba, kwa dawa iliyopeperushwa na upepo. Ukiwatazama wale nyigu na sisimizi waliolala chini Jumamosi ya kwanza, pamoja na viota vya maji moto vilivyochomwa Oktoba, unaona kitalu kilivyofuata njia hiyohiyo hatua kwa hatua.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mstari mmoja utabaki wake, wenye miche kama 60 upande wa barabarani, na ataendelea kuupiga dawa ili aone nani mkweli. Nilikereka kidogo wakati ule. Leo nasema lilikuwa wazo bora kuliko langu lolote, maana bila mstari ule tusingekuwa na cha kulinganisha.

Kuokota kwa tochi

Badala ya dawa, vijana waliokota viwavi kwa mkono kila usiku, saa mbili hadi nne, na kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usiku wa kwanza walihesabu 214. Usiku wa sita 61.

Tulianza kwa kulipa kwa idadi. Usiku wa tatu kijana mmoja alileta ndoo yenye hesabu nzuri mno, na ndani yake, tukimulika vizuri, kulikuwa na vijiti vya kweli. Alidai naye alidanganywa na mdudu. Inawezekana. Tukahamia malipo ya saa.

Kosa langu la kwanza: kalenda ya mlimani

Vitabu vinavyomweleza mdudu huyu vimeandikwa kwa kahawa, na kahawa ya arabika iko juu, kwenye baridi. Humo yai huanguliwa baada ya kama siku 10, kiwavi hula kwa wiki 3 hadi 6, na pupa hukaa udongoni kama wiki 4. Nilichukua hesabu hiyo nikapanga: walioingia udongoni karibu na tarehe 20 Desemba watatoka baada ya tarehe 15 Januari, kwa hiyo kazi ya kupekua udongo ifanyike wiki ya pili ya Januari, baada ya sikukuu. Nikasafiri nyumbani kwa Krismasi. Ndoo zangu nikaziacha kwa jirani, naye akazitunza vizuri, yaani hakuzigusa.

Niliporudi tarehe 4, nondo saba walikuwa wamekwisha kutoka, mabawa yamechakaa kwa kujipiga chandaruani, na watatu wamekufa. Katika kundi la pili, nililolichunga kila siku, pupa walichukua siku 12. Dar ya Januari si Kiambu wala Moshi. Tulipofukua udongo tarehe iliyopangwa, juu ya viriba na chini ya mistari, tulipata maganda matupu mengi kuliko pupa wazima. Kizazi kilikuwa kimeruka kabla yetu, na mwishoni mwa Januari majani yalikwanguliwa upya.

Hapo ndipo Mama alipofungulia kuku wake wa kienyeji ndani ya kitalu. Kuku walikula pupa kwa bidii, na kwa bidii ileile wakafukua miche 30. Waliondolewa siku hiyohiyo.

Kosa langu la pili: neno moja simuni

Kwa wimbi hili la pili nilitaka kutumia bakteria Bacillus thuringiensis, anayejulikana madukani kwa herufi mbili, Bt. Kiwavi akimla pamoja na jani, fuwele za bakteria huyeyuka ndani ya utumbo wenye magadi, utumbo hutoboka, na kiwavi huacha kula muda mfupi baadaye ingawa atakufa baada ya siku kadhaa. Nyigu na buibui hawaguswi. Nikampigia kijana mkubwa: "Tafuta Bt, ya kuua lava." Lava ni mdudu akiwa bado mchanga, kama kiwavi wa nondo au kiluwiluwi cha mbu.

Akaleta chupa, wakapiga jioni mbili. Hakuna kiwavi aliyeacha hata kutafuna. Siku ya nane nikaisoma chupa mwenyewe: ilikuwa ya viluwiluwi vya mbu. Watu wa Dar na Pwani wamesikia habari za viuadudu hai vya mbu kwa kuwa vinatengenezwa hapohapo Kibaha, na mtu akitaja bakteria wa kuua lava, fikra ya kwanza ni hiyo. Dawa ilikuwa nzima na inafanya kazi yake. Aina iliyomo, israelensis, hushika lava wa mbu na nzi wa jamii hiyo. Ya viwavi wa nondo na vipepeo ni kurstaki. Kijana alinunua hasa nilichomwambia anunue.

Kurstaki ilipopatikana mwanzoni mwa Februari tulifuata masharti matatu: jioni tu, kwa sababu jua huiharibu, pande zote za jani, kwa sababu lazima iliwe, na mapema, viwavi wakiwa bado wadogo wanaokwangua. Wale wa sentimita 4 waliendelea kuokotwa kwa mkono. Ilifanya kazi. Wiki ya pili kukwanguliwa kulikuwa kumepungua wazi, isipokuwa kwenye miche fulani tu, na miche hiyo yote ilikuwa ya kubebesha.

Mayai chini ya nailoni

Hili la mwisho nisingeliona bila kijana mdogo, kwa mara ya pili. Nondo huyu hatagi juu ya jani. Hutafuta nyufa za gome na kupachika mayai humo kwa makundi, na jike mmoja hutaga mamia. Lakini mche wa mwaka mmoja hauna gome lenye nyufa. Nilikuwa nimewaambia vijana watafute mayai kwenye shina la mwembe, juu huko, na tulitafuta kweli.

Asubuhi moja kijana alikuwa anafungua ukanda wa nailoni, ule unaofungwa wakati wa kubebesha, kwenye maungio ya mche uliokwisha kushika. Ulikuwa umechelewa kufunguliwa kwa miezi, umelegea ukingoni. Chini ya ukingo huo kulikuwa na vichembe vya kijani chenye samawati, vimebanana kama ushanga. Tulifungua mche wa pili, wa tatu. Katika miche 50 yenye nailoni iliyolegea, 17 ilikuwa na mayai au maganda yake. Katika 50 yenye nailoni iliyobana au iliyokwisha kuondolewa, mmoja tu.

Sisi wenyewe tulikuwa tumemtengenezea nondo nyufa, mamia kwa mamia, sentimita chache chini ya majani laini. Mama alinyamaza, akaenda kuleta wembe. Kazi ya siku mbili ya kufungua nailoni zilizopitwa na wakati na kuzichoma iliondoa mayai mengi kuliko yote tuliyoyafanya tangu Desemba.

Simu kwa wateja

Jambo moja tulibishana kuliko mengine. Desemba, kabla sijajua pupa wako wapi, Mama alikuwa ameuza miche kama 140. Kila kiriba kiliondoka na udongo wake. Nilimwambia awapigie walionunua. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayelisha watoto wake wateja wakihamia kitalu cha pili.

Sikuwa na jibu zuri. Siku tatu baadaye alianza kupiga mwenyewe, wateja 11 wa kudumu ambao namba zao alikuwa nazo. Hakusema "nilikuuzia wadudu." Alisema: "Baba, ile miche kwanguakwangua udongo wa juu, kuna pupa nimewaona kwangu." Mmoja, wa Kigamboni, alikwisha kuona vijiti vinavyotembea na alidhani ni ajabu ya shamba lake. Wateja wa barabarani waliosimamisha gari mara moja hawakupatikana.

Hali ilipoishia

Masika ilipofika nusu, mwishoni mwa Aprili, kuokota kwa usiku mmoja kulileta viwavi 9. Miche 60 hivi ilikufa, na mingine karibu 250 ilikosa kuuzika msimu huo kwa kupoteza majani, ingawa mingi yake ilichipua. Hasara ilikuwa ya kweli. Mkopo wa Mama ulisogezwa mbele.

Mstari wake wa bomba ulifanya vibaya kuliko mingine. Viwavi walipungua na kurudi kila wiki kama mwanzo, na mwezi Februari majani yake yakageuka shaba kwa utitiri, ambao haukuonekana kwingineko. Sitaki kuufanya ushahidi kuwa mkubwa kuliko ulivyo. Mstari huo ndio uliokuwa karibu zaidi na taa za kituo cha mafuta, na huenda ulipokea nondo wengi zaidi kila usiku. Lakini Mama hakusubiri takwimu. Bomba lilirudi stoo.

Dalili iliyonipa matumaini ilitoka kwenye ndoo zangu. Viwavi 12 wa Desemba hawakutoa nyigu hata mmoja. Kati ya 15 niliowachukua Aprili, wanne walitoboka na kutoa nyigu wadogo weusi. Ni idadi ndogo, lakini ni tofauti na sifuri.

Kilichofanya kazi na kilichokwama

Nikipanga kwa uzito, kufungua nailoni kwa wakati kulifanya kazi kubwa kuliko yote na hakukugharimu kitu. Kuokota kwa tochi kulizuia miche kufa wakati tunahangaika. Kurstaki ilisaidia pale tu ilipowakuta wadogo. Kupekua udongo kungeweza kuwa silaha nzuri kama ningekuwa na tarehe ya Dar badala ya tarehe ya mlimani. Ndoo yangu ilikuwa inaijua tarehe hiyo, mimi nilikuwa kijijini nakula pilau.

Mtego wa taa tuliujaribu kwa usiku minne, balbu juu ya beseni la maji ya sabuni. Ulinasa wadudu wa kila aina, na Ascotis wachache sana. Tukauacha. Kuwafagia nondo ukutani alfajiri na kuwaponda kulikuwa na faida zaidi, na Mama alikwisha kuwa na ufagio.

Walikotoka hatujui kwa uhakika. Mama alitaka sana lori la Agosti liwe na hatia. Tulipekua viriba 40 vya shehena hiyo na hatukukuta kitu, lakini ilikuwa Januari, na kama kulikuwa na pupa walikwisha kuruka miezi iliyopita. Huenda walikuwa mwembeni siku zote, wachache, wakiliwa na maji moto kabla hawajafika popote. Kwa kuwa nililiamini hilo zaidi, nilipendekeza maji moto warudishwe. Kijana alikata kiota kwenye mwembe wa mtaa wa pili, akakileta ndani ya mfuko na kukitundika. Walijenga ndani ya wiki. Nimewaona wakiburuta kiwavi mpimaji mzima, sita kwa mmoja. Nimewaona pia wakichunga vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, kwenye ndimu kama ng'ombe, na wateja wanalalamika upya. Mama amefunga turubai kati ya mwembe na njia ya wateja, na malalamiko yamepungua kwa kiasi anachoweza kukivumilia.

Taa za ng'ambo bado zinawaka. Nilipopita wiki iliyopita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukutani kulikuwa na nondo watatu, mabawa yametandazwa, na kijana mdogo alikuwa anawahesabu kabla ya kuchukua ufagio.